Ufa Kwenye Hedi

Kisiwani, mbele ya Muhuru
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Kwako Mama Nyakerario,

Sisi sote tuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua siku hizi mtu akiletewa barua anadhani ni msiba. Habari za nyumbani, na za kibanda chako sokoni?

Simu yangu imeingia maji. Ya Kapteni Ogweno inashika mtandao wa Tanzania tu, na hata huo haumalizi salamu. Wavuvi wa omena huenda Karungu asubuhi. Watampa barua dereva wa matatu ya Homa Bay, naye atakuachia kibandani. Ukijibu, mpe huyo huyo.

Injini imetuzimikia. Tulipita Karungu vizuri, tanga limejaa, kisha upepo ukatuacha tukiwa mbali na nchi kavu. Kapteni akaniambia niwashe. Iliwaka, ikachemka, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Nilipochomoa kijiti cha oili nikakuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia ndani. Tukapiga makasia mpaka hiki kisiwa, mawe matupu na vibanda vya wavuvi. Mahali tulipotia nanga ni pabaya: miamba nyuma, miamba kushoto, na upepo wa mchana unatusukuma huko huko. Maroa, baharia mwenzangu, analala mkono wake ukiwa juu ya kamba ya nanga.

Unajua mwenye mashua anaingoja Bukoba, na injini hii baba ndiye aliyeifunga. Yeye ataelewa. Humu ndani nimemwandikia karatasi yake ya Kijaluo, mpe asome mwenyewe. Nataka jibu lake: niifungue hapa hapa, au ningoje?

Ni mimi,
Benta


Homa Bay
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Binti yangu Benta,

Barua yako imefika ikinuka omena mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimeacha kuuza nguo za watoto. Namshukuru Mungu mko hai.

Baba yako amepata karatasi yake. Mkono wake wa kulia umeumia kidogo pale gereji, alikwaruzwa na mkanda wa feni, kwa hivyo hawezi kushika kalamu. Ameniambia nikuandikie mimi. Anasema ufungue ile sehemu ya juu, hedi, uitume huku ataiangalia. Anasema nati uende nazo polepole. Anasema pia mle vizuri na msilale na nguo mbichi.

Sisi huku hatuna neno. Mvua ni nyingi, barabara ya Rangwe imejaa matope. Msalimie Kapteni na Maroa.

Mama yako,
Nyakerario


Kisiwani
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mama Nyakerario,

Hedi iko ndani ya gunia unaloletewa pamoja na barua hii. Ni nzito, usiibebe peke yako. Nati moja ilikataa kabisa, tukaimwagia mafuta ya taa, Maroa akaigonga huku akiiimbia Kikuria, ndipo ikalegea. Gasketi inayoziba chini yake imeungua upande mmoja. Nimemweleza baba kila kitu kwenye karatasi yake, na maswali yangu yote yako humo. Tafadhali hakikisha amejibu kila swali.

Sasa nina jambo, nawe usikasirike. Baba hajawahi maishani mwake kuniambia nile vizuri. Yeye husema usishike chakula na mikono ya grisi, basi. Kisha, kama mkono umeumia, mdomo si upo? Edith wa jirani angeweza kumwandikia kwa Kijaluo mstari mmoja tu. Mimi na wewe tunaongea Kiswahili kwa sababu wewe ni Mkisii na mimi Mjaluo, hatuna njia nyingine. Lakini yeye na mimi hatujawahi kuandikiana Kiswahili.

Sikugombezi. Nauliza tu. Kuna kitu?

Jana upepo uliikokota nanga. Kapteni sasa ameanza kulala na viatu.

Benta


Homa Bay
Jumatano, 9 Aprili 2025

Benta mwanangu,

Hedi ndiyo hii inarudi. Nimeipeleka kwa fundi mwenye mashine, ameisawazisha, anasema sasa imenyooka kama meza. Gasketi mpya nimeifunga ndani ya kanga isije ikakunjika.

Baba yako ameishika. Ameipapasa kote, kisha akanirudishia. Anasema iko sawa, uifunge.

Hakuna kitu, Benta. Edith ana shughuli zake, na maneno ukimwambia Edith umeyaambia soko zima. Niamini mimi.

Nawaombea.
Mama Nyakerario


Kisiwani
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Mama,

Imewaka! Niliizungusha mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikashika. Niliiacha kidogo tu kwa sababu dizeli si nyingi. Haikutoa moshi mweupe. Oili ni safi. Maroa aliruka majini na nguo zake.

Kapteni Ogweno alikuja akachuchumaa karibu nami. Akaniuliza, "Benta, niangalie. Naweza kuvuka na hii? Ukiniambia ndiyo, sirudi Karungu. Naelekea Bukoba moja kwa moja, na huko katikati hakuna mahali pa kukimbilia."

Nikamwambia, "Baba ameishika kwa mkono wake mwenyewe. Amesema iko sawa."

Akasimama. "Kama ni Joash amesema, imekwisha."

Tunangoja ziwa litulie. Likitulia, tunang'oa nanga Jumamosi. Karatasi ya baba ni hii, namweleza jinsi nilivyoifunga, na namuuliza mara ya mwisho lile swali ambalo hukunijibia. Lakini kama ameipapasa kote, najua ameliangalia.

Nisamehe kwa maneno ya barua ile. Kukaa juu ya mawe kunaharibu akili ya mtu.

Benta


Homa Bay
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Benta,

Usitoke. Kama injini inanguruma, izime ndipo usome.

Hiyo hedi ina ufa. Baba yako alinionyesha, mimi sikuelewa, nami nikakuandikia uongo.

Mlipoondoka tu, baba yako alianguka gereji. Ni kiharusi. Upande wa kulia umekufa, mdomo umeshikwa, hawezi kutoa neno. Yuko hospitali mpaka leo. Hakuna mkanda wa feni. Maneno yote niliyokuandikia kwamba anasema, niliyasema mimi.

Ile hedi niliipeleka wodini ndani ya gunia. Nesi akaniuliza kama ni chakula. Nikamwekea baba yako mapajani, akaipapasa kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kikasimama mahali, katikati ya yale matundu mawili ya vali, akapakwaruza na ukucha. Akakwaruza tena. Kisha akaisukuma kwangu kwa nguvu. Mimi nikadhani anasema nimechoka, ichukue, iko sawa. Nilitaka iwe sawa.

Karatasi zako za Kijaluo nilikuwa nazificha chini ya mto wake, kwa sababu siwezi kuzisoma na sikutaka Edith ajue. Leo barua yako ilipofika na habari ya kuvuka, moyo ulikataa. Nikamwita Edith aje kumsomea. Alipofika mahali unapouliza, "Baba, kuna ufa kati ya vali?" baba yako alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Akawa anakwaruza chuma cha kitanda kwa ukucha, anakwaruza, anatikisa kichwa. Edith akaniambia, "Mama, huyu anakataa."

Nilikimbia kwa yule fundi. Nikamuuliza, uliangalia kama kuna ufa? Akanijibu, "Mama, kazi uliyonipa ni kusawazisha. Ufa hukuniuliza." Na ni kweli, sikuuliza. Sikujua ni kitu cha kuulizwa.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaruka ndani ya mtumbwi wowote uje, katika ziwa hili la Aprili. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba niliogopa utasema kama wanavyosema shangazi zako, kwamba alianguka akiwa mikononi mwa mama wa kambo, Mkisii.

Matatu ya mwisho inaondoka sasa. Usitoke, Benta. Nakuomba.

Nyakerario


Karungu, ufuoni
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Benta,

Leo ni Sabato nami niko hapa ufuoni, sijui hata kama nimefunga mlango wa nyumba. Edith amebaki na baba yako.

Barua yangu ya jana nimeikuta hapa steji, juu ya meza ya wakala, imewekewa jiwe isipeperuke. Haikutoka! Mashua za omena zote zimevutwa mchangani, ziwa limechafuka. Nimezunguka kwa kila mwenye mashua. Mmoja ameniambia, "Mama, samaki wenyewe leo wamekaa nyumbani."

Kuna mwanamke anaitwa Rael, anaanika omena hapa. Ameniona nikilia akamwita shemeji yake. Huyo amekubali kujaribu. Nimeingia ndani ya mashua yake nikaketi, mimi ambaye hata kisima nakiangalia kwa mbali. Amenitoa kwa mkono. Anasema, "Wewe sikubebi. Karatasi nitabeba."

Natuma zote mbili. Kama mmeshaondoka, Mungu ndiye atakayesoma.

Nyakerario


Karungu
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mama Nyakerario,

Tuko Karungu. Hakuna aliyekufa. Kapteni ameteguka bega, Maroa viganja vimechunika kwa kamba.

Hapa kuna simu za kuazima, na ningeweza kukupigia. Sitaki. Nataka usome kabla sijafika, kwa sababu nikishafika mbele ya kitanda cha baba sitaweza kupaza sauti.

Shemeji yake Rael alivuka jana asubuhi ziwa lilipotulia kidogo, akatukuta nanga imeshang'oka na injini inanguruma. Alikuwa akipunga karatasi juu ya kichwa, sisi tukidhani anaomba mafuta. Nilisoma mstari wa kwanza nikazima, macho yakaendelea chini. Kapteni akanigeukia, "Umezima kwa nini? Tunaenda kwenye mawe!"

"Ina ufa."

"Joash alisema iko sawa."

"Joash hajasema kitu. Joash hawezi kusema."

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu ndipo nilipoyaelewa. Nilikaa chini kwenye maji machafu. Maroa ndiye aliyerusha nanga tena, na yule mvuvi akatufunga kamba akatuvuta mpaka tukawa mbali na miamba.

Kapteni alinifokea. Alisema nimemdanganya, na kwamba alikuwa tayari kutia roho tatu katikati ya ziwa kwa ajili ya neno langu. Na ni kweli lilikuwa neno langu. Nililipokea bila kulipima nikampa. Alipochoka kufoka akasema Bukoba basi, tungoje upepo wa mchana, turudi Karungu na tanga peke yake.

Upepo ulikuja na tukaenda vizuri mpaka mdomo wa ghuba. Hapo likashuka wingu kutoka upande wa milima, upepo ukageuka ghafla ukatupiga ubavuni. Tanga lilipasuka kuanzia chini mpaka katikati. Mbele yetu kulikuwa na ile miamba ambayo ndege wameifanya nyeupe. Kapteni alikuwa ameuning'iniza mwili wake wote kwenye usukani na mashua haigeuki.

Akaniita, "Benta! Hiyo injini itatupa nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia, itatupa kidogo, halafu itakufa, na haitawaka tena.

"Nipe hicho kidogo."

Niliiwasha. Nilifungulia taratibu, kwa sababu ikipata joto haraka ule ufa unafunguka. Nikaweka kiganja juu ya hedi ili nijue joto lake. Mashua ikaanza kugeuza pua. Maroa alikuwa akisukuma mwamba kwa kasia, mwamba, Mama, kama mtu anayesukuma ng'ombe zizini. Chuma kikanichoma nikatoa mkono. Moshi mweupe ukaanza. Kapteni akapiga kelele, "Ongeza!" Nikaongeza. Tulipita tukisikia ubao wa chini ukikwaruza jiwe, na tulipotoka upande wa pili injini ikapiga mlio mmoja mkavu, mvuke ukaruka usoni kwangu, na kimya. Lakini tulikuwa tumepita. Mawimbi yenyewe yalitusukuma hadi mchangani.

Rael aliniambia ulikaa ufuoni hapo mpaka ulipoitwa kwamba baba amezidiwa, na kwamba ulikataa kula. Nilisikia. Nilikasirika zaidi, kwa sababu nilitaka uwe mtu mbaya tu.

Kunificha ugonjwa wa baba, pengine ungeniomba msamaha na ningetoa. Lakini uliweka maneno kinywani mwake. Yeye alikuwa anasema, kwa ukucha wake, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, nawe ukamfunika na sauti yako. Hilo sijui nilifanye nini.

Nakuja kesho kwa gari la asubuhi. Mwambie tu nakuja.

Benta


Homa Bay
Jumatatu, 14 Aprili 2025, jioni

Benta,

Nimeisoma. Yote ni kweli.

Ametulia sasa, anapumua vizuri. Nimemwambia unakuja, machozi yakamtoka jicho moja. Njoo.

Nyakerario


Karungu
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mama Nyakerario,

Nilifika salama. Kapteni bega lake linapona, na tanga limeshonwa na mafundi wawili wa hapa kwa nyuzi za nyavu. Si zuri lakini ni imara. Mwenye mashua amekubali kungoja. Nikimaliza safari hii narudi kukaa nyumbani.

Kuna jambo nilipaswa kulisema nikiwa huko na sikulisema. Shangazi alipouliza mbele ya watu kwa nini ulimwacha mgonjwa kitandani ukaenda kuzurura Karungu, nilinyamaza. Ulikuwa umemshika baba mabegani unamgeuza ubavu, hukuacha hata kidogo. Ulimaliza, ukanyoosha shuka, ukatoka nje. Mimi ndiye niliyejua ulikuwa unatafuta nini Karungu, na nilikaa pale na chai yangu. Nimempigia shangazi jana kwa simu ya Rael. Nimemwambia. Hakufurahi, lakini amejua.

Bado nina hasira. Inapungua halafu inarudi nikiona kiganja changu. Nadhani itakuwa hivyo kwa muda, nawe univumilie.

Sasa kazi. Maroa amekwenda mpaka Migori mjini akapata hedi nyingine, ya jenereta ya zamani, ya injini aina hiyo hiyo. Mimi nimeiangalia juani na kwa tochi, nimepaka mafuta ya taa nikapangusa, sioni ufa. Lakini nataka baba aione. Ndiyo hii inakuja. Karatasi ya Kijaluo pia iko humo, na Edith amsomee, yote.

Ninachokuomba ni kimoja. Mwekee mapajani, kisha ukae. Usimsaidie kufikiri. Usiniandikie anasema, niandikie anafanya. Hata kama huelewi, hata kama ni jambo la kijinga, andika vile vile ulivyoona.

Benta


Homa Bay
Jumatano, 23 Aprili 2025

Benta,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele yake, hapa nyumbani tangu alipotoka hospitali. Edith amemaliza kumsomea.

Nimemwekea hedi mapajani juu ya gunia. Ameiangalia bila kuigusa. Halafu ameinusa.

Sasa anaipapasa na mkono wa kushoto. Anaenda polepole. Amefika kwenye matundu ya vali, kidole gumba kimesimama. Anapitisha ukucha. Anapitisha tena kwa upande mwingine. Ameendelea kwa tundu la pili. Hapo pia ukucha umepita bila kukwama.

Ameangalia kikombe cha uji. Nimempa kikombe. Amekisukuma uji ukamwagika kwenye shuka. Ameshika kijiko. Sikujua anataka kijiko.

Anagonga hedi na kijiko, na ameinamisha sikio. Inalia kama kengele ya shule, si kama chungu chenye ufa, sauti inakaa. Amegonga pembeni. Inalia vile vile. Amegonga katikati, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka sauti ikaisha.

Amefungua macho. Amekitupa kijiko chini. Ameishika hedi kwa mkono mmoja anaisukuma kwangu. Ile siku ya hospitali pia aliisukuma, kwa hivyo sikuichukua. Nimekaa tu naandika. Anaisukuma tena. Ananiangalia. Ananyoosha kidole mlangoni. Sijainuka. Ananyoosha kidole mlangoni, halafu kwenye saa ya ukutani, halafu kwenye hii karatasi ninayoandika, na uso umekunjamana. Edith anacheka. Ametoa sauti, si neno, lakini ni ile sauti yake ya gereji, ya mtu aliyeambiwa alete spana akaleta maneno.

Sijui maana yake. Nimekuandikia nilichoona.

Ananikasirikia kwamba bado naandika. Matatu ya Karungu inajaza. Naiacha kalamu hapa.